Tunataka chuo kikuu kitusaidie kupunguza chenga kwenye mchele wa Mbarali. Tunaingilia mlango upi?

Katibu_Igurusi

Wakuu, salaam.

Nauliza kwa niaba ya ushirika wa wakulima wa mpunga huku Igurusi. Tuna mashine yetu ya kukoboa, ya rola za mpira, si mpya wala si chakavu. Kinachotuumiza ni chenga. Mnunuzi akishuka kwenye lori anatia mkono ndani ya gunia, anatandaza mchele kiganjani, anautazama kidogo, na bei inashuka palepale. Mbegu ni SARO 5 kama ya wenzetu wa Ubaruku, lakini wao wanapata daraja la kwanza na sisi tunabaki la pili au la tatu.

Kwenye kikao wajumbe wakapendekeza tuombe chuo kikuu kitubunie mashine bora zaidi. Tukaandika barua kwa uongozi wa chuo kimoja. Ilipokelewa, ikagongwa muhuri, na tangu hapo kila tukifuatilia jibu ni kwamba iko kwenye mchakato.

Kwanza nataka kujua kama hii kweli ni kazi ya chuo kikuu au tumegonga mlango usio wetu. Kama ni kazi yake, tuanzie kwa nani, wakati gani wa mwaka, na tujiandae kulipia nini? Na mashine ikipatikana ni mali ya nani?

Kuna swali jingine pia, wazee waliliuliza mkutanoni na sikuwa na jibu. Kuanzia Mbeya mpaka Iringa vyuo vikuu ni vingi: MUST, TEKU, Mzumbe kampasi ya Mbeya, Mkwawa, Chuo Kikuu cha Iringa, Ruaha. Vijana wetu wanakwenda, wanarudi na shahada, wanakaa kungojea tangazo la Sekretarieti ya Ajira. Mzee mmoja akasema, mimi ambaye mtoto wangu hasomi pale, chuo kile kinanihusu nini? Nataka kumpelekea jibu lenye maana.

Naomba kuwasilisha.

Ikuti_Mekanika

Ndugu Katibu, mlango haukuwa mbaya, ila mligonga sehemu ambayo tatizo lenu si kazi ya mtu yeyote aliyeko pale. Barua ikienda kwa Makamu Mkuu wa Chuo inashuka kwa naibu wake, kutoka hapo inakwenda kurugenzi ya utafiti na ushauri wa kitaalamu, kisha ndaki, kisha idara. Kila meza inaandika "kwa hatua zako". Inapomfikia mtu mwenye uwezo wa kufanya kitu, muhula umeshafika katikati na kazi za wanafunzi zimeshagawiwa.

Anzeni kinyume. Mtafuteni Mkuu wa Idara inayohusika. Kwa shida yenu ni uhandisi mitambo au uhandisi kilimo, na kama idara ya sayansi ya chakula ipo hapo chuoni, basi hiyo pia. Muulizeni ni nani anaratibu projekti za mwaka wa mwisho na nani anaratibu mafunzo kwa vitendo. Hao wawili ndio wenye nguvu kazi mkononi. Mkishaelewana nao ndipo barua rasmi iende juu, na safari hii itashuka haraka kwa sababu kuna mtu chini anaisubiri.

Sasa kalenda, maana hapa ndipo ushirikiano mwingi unapofia bila mtu kuwa na nia mbaya. Kwa kawaida mwaka wa masomo unaanza Oktoba au Novemba. Mwanafunzi wa mwaka wa mwisho anachagua mada wiki za mwanzo za muhula wa kwanza, anaandika pendekezo, na muhula wa pili anatengeneza na kupima. Kufika Juni au Julai anatetea kazi yake na kuondoka. Mpunga wa bonde la Usangu, yaani huku Mbarali, unavunwa kuanzia Mei hadi Julai au Agosti. Kwa hiyo mashine zenu zinapoanza kunguruma, yeye anafunga ripoti. Hawezi kupima mavuno ya msimu huo, na msimu unaofuata hayupo.

Ukipeleka ombi lako Juni kwa sababu ndipo chenga zinakuuma, umechelewa miezi minane.

Dawa ni kuunganisha vitu viwili ambavyo vyuo vinavyo tayari. Wanafunzi wa mwaka wa pili na wa tatu wanatoka fildi, wiki 8 hivi, kati ya Julai na Septemba. Ndio wakati wenu wa kukoboa. Ombeni wawili au watatu waje kwenye mashine yenu wapime kila kitu: unyevu wa mpunga unaoingia, chenga zinazotoka, mwendo wa rola, aina ya mbegu, siku ya kuvunwa. Ripoti yao ya fildi ndiyo inayokwenda mezani kwa mratibu wa projekti Oktoba. Hapo mwanafunzi wa mwaka wa mwisho haanzi na neno "chenga ni nyingi", anaanza na daftari la vipimo. Anabuni, anatengeneza, na kabla hajaondoka anakabidhi kwa kundi la fildi la mwaka ule. Hilo kundi ndilo linalokuja kwenu Julai kujaribu kilichotengenezwa kwenye mavuno halisi.

Maana yake ni misimu miwili. Waambieni wajumbe mapema, maana anayeahidi kumaliza ndani ya muhula mmoja atawaachia chuma kilichopakwa rangi kisichowahi kukoboa gunia.

Jambo la mwisho kwa leo. Mhadhiri anapandishwa daraja kwa kuangalia zaidi machapisho yake ya kitaaluma. Saa anazotumia Igurusi zina uzito mdogo kwenye fomu yake kuliko makala moja kwenye jarida. Msilichukulie kama ubinafsi, ndivyo mizani ilivyowekwa. Mpeni anachohitaji: ruhusa ya maandishi kutumia vipimo vyenu vya misimu miwili katika utafiti wake. Akiwa na data ambayo wenzake hawana atarudi mwenyewe bila kubembelezwa.

Mpunga_Mchele

Nakubaliana na mchango wa hapo juu kuhusu kalenda. Ila kabla hamjaomba mashine, naomba mthibitishe kwamba mashine ndiyo yenye kosa. Kwa mnavyoeleza, mbegu ileile na aina ya mashine ileile lakini chenga tofauti, mimi nashuku mpunga wenu unafika kinuni ukiwa umeshapasuka.

Punje ya mpunga inapasuka ndani ya ganda na kwa nje huoni kitu. Inakauka haraka juu huku ndani bado kuna maji, inajivuta, inapata ufa wa kukatiza. Au imeshakauka, halafu inapigwa na umande wa usiku, inanyonya maji upya na kupasuka. Ikifika kwenye rola, ule ufa ndio unaokuwa chenga. Hata mashine ipi haitaunganisha punje iliyokwisha kukatika.

Wengi wanadhani kukausha maana yake ni kuondoa unyevu mpaka basi. Huku Usangu mavuno ni kiangazi, hewa kavu, jua kali mchana, baridi usiku. Shida yetu si mpunga kubaki mbichi bali mpunga kukauka kupita kiasi na kwa haraka. Unatakiwa kuvunwa ukiwa na unyevu wa asilimia 20 hadi 25, pale ambapo punje 80 hadi 85 kati ya 100 kwenye suke zimegeuka rangi ya majani makavu. Anayesubiri shamba zima liwe jeupe anavuna kitu ambacho kimepanda na kushuka unyevu mara nyingi kikiwa bado kwenye shina. Na anayekata kisha akaacha malundo shambani wiki nzima akingojea zamu ya kupiga anafanya kosa hilohilo.

Kipimo chenyewe hakihitaji maabara. Chukua punje 100 bila kuchagua, zimenye kwa mkono polepole, zipange juu ya kipande cha kioo. Washa tochi ya simu chini ya kioo, kwenye chumba chenye giza kidogo. Punje nzima inang'aa sawasawa; yenye ufa inaonyesha mstari wa kukatiza, mwembamba kama unywele. Hesabu. Fanya hivyo mara nne kwa mpunga wa shamba moja: siku ya kukata, baada ya kupiga, baada ya kuanika, na mara tu mchele unapotoka kwenye rola kabla haujang'arishwa. Namba ikiruka kutoka 4 kwenda 25 kati ya hatua mbili, mchawi wako yuko hapo katikati.

Ikiruka baada ya kupiga, tazama kombaini au mashine ya kupigia: ngoma inakwenda kasi mno au mpunga ulikuwa mkavu mno ulipoingia. Ikiruka baada ya kuanika, tazama turubai. Mpunga utandazwe unene wa sentimita 3 hadi 5, ugeuzwe kila nusu saa au angalau kila saa, na jua la saa sita hadi saa tisa ukusanywe kivulini au ufunikwe, kwa sababu punje ikipita nyuzi 50 za joto inapasuka. Asilimia 14 ikifika, simamisha. Halafu upumzike siku moja au mbili kabla ya kukoboa ili maji ya ndani na ya nje ya punje yalingane. Jioni ufunikwe kabla umande haujashuka, si baada.

Ikiwa nyufa ni chache mpaka kwenye rola na chenga bado ni nyingi, hapo ndipo mashine ina kesi ya kujibu. Nafasi kati ya rola iwe milimita 0.5 hadi 0.8. Mafundi wengi wanaibana ili ganda lote litoke kwa mkupuo mmoja, na hapo ndipo wanapovunja. Mashine iliyowekwa vizuri inamenya punje 85 hadi 90 kati ya 100, zinazobaki zinarudishwa kupita tena. Raba ikiwa ngumu au imechimbika katikati, haikamati punje sawasawa. Na kwenye king'arishio, mchele ukitoka wa moto kiasi cha kushindwa kuushika, msukumo umezidi. Punguzeni uzito unaobana mlango wa kutokea mchele, mpitishe mara mbili.

Kuhusu hesabu, kilo 100 za mpunga mzuri zina maganda yapata kilo 20. Mashine ya zamani ya chuma inayomenya na kung'arisha kwa hatua moja inawapa kilo 50 hadi 55 za mchele, nyingi zikiwa chenga. Ya rola za mpira ikitunzwa inafika kilo 62 hadi 65, na kinu kizuri kinafika zaidi ya hapo. Pimeni chenu. Pimeni pia chenga: chukua gramu 100 za mchele, tenga punje zilizobaki robo tatu ya urefu wake au zaidi, zipime. Hizo ndizo nzima.

Na tafadhali msichanganye mpunga wa wanachama watano kwenye mkupuo mmoja. Wenye asilimia 12 na wenye asilimia 16 hawawezi kuhudumiwa na rola iliyowekwa nafasi moja.

KamweneIringa

Kamwene wakuu.

Mimi nataka nimjibu yule mzee, kisha nipinge kidogo.

Chuo kikuu cha kwanza nchini, pale Dar es Salaam, kilianza 1961 kama chuo kishiriki cha London, kikaingia Chuo Kikuu cha Afrika Mashariki 1963, kikasimama chenyewe 1970. Kazi kiliyopewa ilikuwa wazi: nchi haina wanasheria, wahandisi, madaktari wala walimu wa sekondari, wapatikane. Serikali ilikadiria inahitaji watu wangapi, ikawasomesha, ikawapangia vituo. Mzee anayekumbuka enzi hizo anakumbuka shahada ikiwa ni ajira, na hakosei, ndivyo ilivyokuwa. Azimio la Musoma la 1974 lilijaribu hata kumfanya kijana aanze kazini kwanza ndipo aombe chuo kikuu, ili asifike pale bila kuijua kazi.

Mpango ule ulikwisha miaka ya 1990. Serikali ikapunguza ajira, vyuo binafsi na vya makanisa vikaruhusiwa, na ndipo Iringa na Mbeya zikapata vyuo vyao. Mkwawa, iliyokuwa sekondari ya juu, ikawa chuo kishiriki cha ualimu 2005. Chuo cha ufundi Mbeya kikawa taasisi mwaka huohuo na chuo kikuu 2012, ndiyo MUST ya leo. Mkopo wa elimu ya juu chini ya Bodi ya Mikopo ukaanza kutolewa 2005, kwa hiyo mwanafunzi sasa ni mdaiwa: akiajiriwa anakatwa asilimia 15 ya mshahara wake wa msingi mpaka amalize. Gharama imehamia kwake, lakini ahadi ya kazi haikuhamia popote, ilitoweka. Kijana anayekaa Igurusi kungojea tangazo anaishi kwa kanuni za miaka ya 1970 ndani ya uchumi wa leo, na sisi wazazi ndio tuliomrithisha kanuni hizo.

Kwa hiyo mzee aambiwe hivi: chuo kinamhusu kwa njia tatu. Kwanza ni fedha inayozunguka. Tazama Kihesa na Mkwawa hapa Iringa, au Iyunga na Ikuti kule Mbeya: vyumba vya kupanga, mama lishe, stationari, bodaboda, vyote vinapumua bumu, ile fedha ya kujikimu ya wanafunzi wenye mkopo, likitoka na kukohoa likichelewa. Mchele wa Mbarali nao unaliwa kwenye migahawa hiyo. Faida hiyo ipo lakini ni nyembamba, chuo kikifungwa Julai mtaa mzima unalala. Pili ni watu: mwalimu wa fizikia wa sekondari ya kata, mganga wa kituo cha afya, ofisa umwagiliaji wa halmashauri. Tatu ni kile mnachokitafuta ninyi, ujuzi unaotatua jambo shambani na kinuni. Hiyo ya tatu ndiyo changa kuliko zote, na ndiyo serikali inayoisukuma sasa. Mradi wa HEET, dola milioni 425 za Benki ya Dunia zilizopitishwa 2021, unataka vyuo virekebishe mitaala vikikaa meza moja na waajiri. MUST imo. Meza hizo zikijaa viwanda vya Dar es Salaam peke yake, ushirika wa Igurusi hautasikika, ombeni kiti.

Sasa ninapopinga. Chuo kikuu kisigeuzwe karakana. Kurekebisha nafasi ya rola ni kazi ya fundi mzuri. Kuchonga shafti mpya ni kazi ya SIDO, shirika la viwanda vidogo, au ya karakana yoyote yenye mashine ya kukereza. Kufundisha wanachama namna ya kuvuna na kuanika, mnacho chuo cha kilimo hapohapo Igurusi, MATI, hakuna haja ya kupanda gari. Kwenye uhandisi kuna uwiano unaotajwa sana: mhandisi mmoja, mafundi sanifu watano, mafundi stadi 25. Sisi tumeongeza wahandisi kwa kupandisha vyuo vya ufundi hadhi, na waliopungua ni wale watano na wale 25. Nashukuru MUST bado inatoa stashahada, ipiganiwe isiachwe.

Chuo kikuu kipelekewe swali ambalo fundi hana jibu lake. Kwa nini SARO 5 inapasuka zaidi kwenye skimu moja ya umwagiliaji kuliko nyingine? Je, ni siku ya kukata maji shambani, ni udongo, ni umande? Hilo linataka vipimo vya misimu, takwimu na mtu mwenye subira ya kuvichambua.

Katibu_Igurusi

Wakuu nimejifunza mengi kwa muda mfupi. Mimi na fundi tumefanya lile jaribio la tochi kwa mpunga uliopo ghalani. Kati ya punje 100 kabla ya kukobolewa, 31 zina ufa. Sampuli ya mwanachama mwingine, aliyevuna mapema na kuanika kwenye kivuli cha mwembe, 9. Mashine ileile.

Kwa hiyo Mpunga_Mchele umetuokoa na gharama ya mashine. Lakini bado nataka chuo, kwa swali la KamweneIringa: kwa nini wengine 9 na wengine 31. Naomba sasa mnisaidie upande wa makubaliano. Tuandike nini, tulipe nini?

Binti_Chimala

Shikamooni wakubwa. Kaka Katibu, hongera kwa kipimo. Hizo namba mbili zina uzito kuliko barua ya kurasa tatu, ziweke mstari wa kwanza.

Barua yenyewe isizidi ukurasa mmoja. Iwe na tatizo kwa namba, mnachotaka kujua, mlichonacho cha kuchangia, na jina na simu ya mtu mmoja wa kuwasiliana naye. "Tunaomba msaada" isiwemo, kwa sababu neno msaada linapelekwa kwa ofisa uhusiano. Andikeni "tunaomba kushirikiana katika projekti na mafunzo kwa vitendo".

Kuhusu kulipa, tenganisheni vitu vitatu. Projekti ya mwanafunzi hamlipi ada chuoni, ila gharama za vifaa na nauli zitaangukia kwa mtu, na mkinyamaza zitaangukia kwa mwanafunzi, naye ataishia kupima mara moja badala ya mara kumi. Mafunzo kwa vitendo: baadhi ya wenye mkopo wanapata posho ya fildi, wengine hawana kitu. Ninyi toeni malazi, chakula cha mchana na turubai la kufanyia kazi, inatosha. Tatu ni ushauri wa kitaalamu na vipimo vya maabara, hivyo vina bei yake. Hapo mtapewa kontroli namba, mtalipia benki au kwenye simu, na risiti itatoka chuoni. Mtu akiwaambia mtumie kwenye namba yake ili mambo yaende haraka, kataeni. Kipimo kisichopita kwenye mfumo hakina ripoti yenye muhuri, na bila ripoti hiyo hamwezi kumwonyesha mnunuzi wala benki.

Kwa maabara ombeni kipimo kimoja cha msingi: kulinganisha kipima unyevu chenu na cha ovena. Mpunga unapimwa gramu 10, mara tatu, unakaa kwenye ovena nyuzi 130 kwa saa 16, unapimwa tena. Uzito uliopotea ndio unyevu wenyewe. Vipima unyevu vya mkononi vinadanganya kwa pointi moja hadi mbili visipolinganishwa, na kati ya 12 na 14 ndipo chenga zinapozaliwa.

Mkataba, au hati ya makubaliano, iwe ya kurasa mbili na isisahau haya. Vipimo ni vya pande zote mbili: chuo kitumie kwa utafiti, ninyi mtumie kwa biashara, na majina ya wanachama yasichapishwe. Ripoti ya mwanafunzi ikitoka, nakala moja ije kwenu, na mtu aje kuisoma kwa Kiswahili mbele ya wanachama. Sisitizeni hili la Kiswahili, bila hivyo mtapokea kitabu chenye jalada gumu ambacho hakuna atakayekifungua.

Endapo siku moja kitatengenezwa kifaa, tuseme turubai la kivuli linalofunguka na kufungwa au kichanja cha kuanikia, dai michoro yenye vipimo kamili na orodha ya vipuri kwa namba zake. Beringi iwe ya namba inayopatikana sokoni Mwanjelwa, Mbeya, kama 6205 au 6206, mkanda uwe wa kawaida wa B. Mashine nyingi za majaribio zinakufa kwa sababu mwanafunzi alitumia kipuri alichokipata mara moja, kikavunjika, naye yuko Dodoma anatafuta kazi. Sharti zuri ni hili: kabla ya kupokea kifaa cha kwanza, fundi wa kwenu atengeneze cha pili kwa kufuata michoro hiyo peke yake. Akikwama, michoro haijakamilika na irudishwe.

Umiliki: kwa kitu cha kawaida msigombane. Kama kuna ubunifu mpya kabisa, hataza, yaani haki ya mvumbuzi, inaombwa BRELA, wakala wa serikali wa usajili wa biashara, na iombwe kabla ya kukipeleka kwenye maonesho ya Nane Nane pale viwanja vya John Mwakangale, Mbeya. Hataza inataka kitu kipya, na kilichokwisha kuonyeshwa hadharani upya wake unaweza kupingwa. Andikeni mapema nani atalipia maombi na mapato yatagawanywaje, mkiwa bado mnacheka pamoja.

Ikuti_Mekanika

Binti_Chimala amemaliza upande huo. Naongeza daftari, kwa sababu mnaweza kulianza kesho bila kungoja chuo.

Kila mzigo unaoingia kinuni uwe na mstari wake: namba ya mwanachama badala ya jina, skimu na kitalu, mbegu, tarehe ya kufunga maji, tarehe ya kukata, tarehe ya kupiga na kwa njia gani, siku ngapi juani na kama ulifunikwa mchana na usiku, unyevu ulipoingia, nyufa kati ya punje 100, kilo za mpunga, kilo za mchele, gramu za nzima kati ya 100. Mtu mmoja aandike yote, kalamu ileile, na asikadirie. Asipopima aache nafasi wazi, nafasi wazi inachambulika, namba ya kubuni inaharibu ukurasa mzima. Mizigo 60 hivi yenye mistari iliyojaa inatosha mwanafunzi wa takwimu kuanza kuona kama ni tarehe ya kufunga maji au ni turubai.

Na wekeni sampuli. Projekti zitagawiwa Oktoba, wakati huo mpunga wa msimu umeshauzwa na mwanafunzi hatakuwa na cha kugusa. Kwa kila skimu tengeni kilo 20 za mpunga mzuri na kilo 20 za ule wenye nyufa nyingi, kwenye mifuko ya kinga njaa, ile yenye mifuko ya plastiki ndani isiyopitisha hewa, hewa ikamuliwe na kila mfuko wa ndani ufungwe peke yake. Lebo moja ndani, moja nje, yenye namba ileile ya daftari. Iwekwe juu ya mbao, mbali na ukuta, na panya wasifike. Unyevu uwe umeshuka hadi 14 au chini yake kabla ya kufunga, la sivyo mtafungua uvundo.

Mkiwa na daftari na mifuko hiyo, mfuateni Mkuu wa Idara wiki ya kwanza ya muhula, siyo ya tatu. Nendeni na fundi wenu wa mashine, maana maswali atakayoulizwa pale ni yake kuliko ya katibu.